Blinky Bill na Muziki wa Mitambo

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi na wanachama wa Umoja siku ya mkutano wetu wa mwaka. Msemaji alimaliza Kidato cha Nne mwaka 1979 na ni fundi wa redio mjini Moshi. Imechapwa kama ilivyosemwa, isipokuwa tumeondoa mahali palipokuwa na makofi.)

Ndugu Mwenyekiti wa Umoja, Ndugu Mkuu wa Shule, ndugu walimu, wenzangu wa zamani, nanyi wadogo zangu mliokalia madawati ambayo baadhi yetu tuliyachora majina yetu kwa ncha ya bikari:

Katibu aliniandikia niseme nusu saa juu ya "vijana na ufundi". Nilikubali, lakini mtanivumilia, kwa sababu fundi nitakayemzungumzia ni mwimbaji. Jina lake ni Bill Sellanga, na jukwaani huitwa Blinky Bill. Ni Mkenya, wa Nairobi. Hutunga nyimbo, huziimba, na huzitengeneza mwenyewe kwa mitambo ya umeme, tangu pigo la kwanza la ngoma mpaka wimbo unapomfikia msikilizaji. Kazi hii ya mwisho zamani tuliiita utayarishaji. Ninyi vijana mwasema prodyuza, na neno hilo limeshakaa, hatuna haja ya kuligombania.

Kwa nini yeye? Wenzangu wa zamani wanajua sababu. Leo saa tisa alasiri tutapiga kura juu ya fedha za Umoja. Kuna pendekezo la kujenga lango jipya la chuma, lenye kibao cha majina ya waliochangia. Na kuna pendekezo la kulikarabati ghala lile nyuma ya bwalo, lililokuwa la magunia ya mahindi, liwe chumba cha muziki: kompyuta mbili, kinanda cha umeme, vipaza sauti, na mlango wenye kufuli. Katika kikao cha mwezi uliopita rafiki yangu mmoja, tena wa darasa langu, alisimama akasema kwamba muziki wa siku hizi ni mashine inayojipigia, na kwamba kumpa mwanafunzi mashine ya namna hiyo ni kumlipia uvivu. Alipigiwa makofi. Mimi siku ile nilinyamaza, kwa kuwa jibu langu ni refu. Ndilo hili.

Niwakumbushe kwanza jinsi muziki ulivyopatikana tulipokuwa hapa. Mwaka 1979 mtu aliyetaka kupiga gitaa la umeme alihitaji mwajiri. Vyombo vilikuwa mali ya shirika au ya jeshi au ya klabu. Chama cha wafanyakazi kilikuwa na Juwata Jazz, iliyokuwa ikiitwa NUTA Jazz hapo awali, polisi walikuwa na Polisi Jazz, jeshi lilikuwa na Mwenge Jazz, JKT walikuwa na Kimulimuli. Ukifukuzwa bendi, uliacha gitaa mlangoni. Na wimbo ukishatungwa, njia kuu ya kuurekodi ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ilipanda gari, ikaenda Dar es Salaam, ikapangiwa siku, ikapiga mbele ya mafundi wa RTD, nasi huku mlimani tukausikia wimbo kwenye redio za Philips zilizokuwa zikiundwa Arusha. Baada ya vita vya Kagera hata nyuzi za gitaa zilikuwa shida. Siyabezi mambo yale. Nyimbo zile hazijapata kuzeeka, na RTD ilituwekea hazina ambayo nchi nyingi hazina. Lakini fikirini ni vijana wangapi wa shule hii walikuwa na wimbo kichwani, wakaenda nao shambani, wakafa nao.

Sasa nije kwenye mashine inayojipigia. Nimekifungua kinanda cha umeme mara nyingi kuliko nilivyofungua Biblia, padre atanisamehe. Ndani yake kuna mambo ambayo kila mtoto wa mlimani anayajua kwa jina jingine, maana nyumbani kwao kuna mfongo.

Kuna chemchemi. Hii ni sakiti inayotikisa umeme mara nyingi kwa sekunde. Ikitikisa mara 440, spika nayo hutikisika mara 440, na sikio lako husikia ile nota ambayo orkesta za Ulaya hulinganishia vyombo vyao. Ikitikisa mara 880, wasikia nota ile ile, ya juu zaidi. Sauti ya chemchemi ikiwa mbichi ni kali, kama nyuki ndani ya kopo. Kwa hiyo huwekewa kizuizi, ambacho mafundi twakiita filta. Kazi yake ni ile ya majani na mawe unayoyaweka mdomoni mwa mfongo: maji yapite, takataka zibaki. Ukikikaza, sauti huwa nene na nyororo. Ukikilegeza, ukali hurudi. Halafu kuna lango. Lango likifunguka ghafla na kufungwa upesi, umepata ngoma. Likifunguka polepole na kukaa wazi, umepata sauti ya filimbi au ya watu wanaoimba mbali. Na mwisho kuna zamu. Kama vile mwangalizi wa mfongo anavyosema shamba la fulani litapata maji asubuhi na la fulani jioni, ndani ya mtambo kuna mahali pa kupanga zamu: ngoma kubwa hapa, kayamba pale, besi iingie baada yake. Huitwa sikwensa. Wazee wetu walikuwa na mregho, fimbo iliyokatwa alama, na vijana waliokuwa wakifundwa walipitishwa alama baada ya alama, kila moja na fundisho lake. Kijana wa leo akitazama kioo cha kompyuta na kuona visanduku kumi na sita vimejipanga mstari, kila kimoja kikingoja pigo lake, anatazama kitu ambacho babu yake asingekishangaa sana.

Mwaona basi: chemchemi haijui ilime nini. Mfongo haujui shamba la nani lina kiu. Mtambo ukiachwa peke yake hupiga pigo moja mpaka umeme ukatike, na kwetu Moshi hilo laweza kuja mapema. Pigo lenyewe, lile la ngoma kubwa inayodunda sawasawa mara nne, vijana wa mijini huliona jipya. Wadogo zangu, ninyi mmelikimbia kila alfajiri. Ni mchakamchaka. Muziki wa disko na wa hausi kwa kawaida huenda kwa mapigo 120 na kidogo kwa dakika. Siku moja mpimieni kiranja wenu wa michezo kwa saa, mniletee jibu.

Mitambo hii haikuanza jana. Robert Moog wa Marekani alitengeneza sintesaiza yake mwaka 1964. Wajerumani wa Kraftwerk, kutoka mji wa Düsseldorf, walitoa albamu nzima ya namna hiyo mwaka 1974, wakati sisi tukiwa shule ya msingi. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya ngoma iitwayo TR-808, ambayo wanamuziki wengi waliicheka kwa kuwa haikulia kama ngoma ya kweli. Leo mlio wake umo katika nusu ya nyimbo mnazozisikia kwenye mabasi. Na mwaka 1983 watengenezaji walikubaliana lugha moja, inayoitwa MIDI, ili kinanda cha kampuni hii kizungumze na mashine ya kampuni ile. Mimi naliona jambo hilo kubwa kuliko yote. Kabla yake, kila mtambo ulikuwa Mwachame na Mrombo waliokataa Kiswahili.

Na kwa wale wanaosema ni mambo ya watoto: Francis Bebey wa Kameruni alizaliwa mwaka 1929. Aliandika riwaya, alipiga gitaa, alifanya kazi UNESCO mjini Paris, na akiwa mtu mzima mwenye mvi alijifungia nyumbani kwake na kinanda cha umeme na mashine ya ngoma, akachanganya na filimbi za Wambilikimo wa misitu ya kwao. Alifariki mwaka 2001. William Onyeabor wa Nigeria alifanya vivyo hivyo mjini Enugu, akatoa albamu zake mwenyewe tangu mwaka 1977 hadi 1985, kisha akaacha kabisa akamgeukia Mungu na biashara zake, na ulimwengu ukaja kumgundua karibu miaka thelathini baadaye. Mtu anayemwita Onyeabor mvivu na ajaribu kusimamia sintesaiza tano peke yake.

Narudi kwa Blinky Bill. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, nje kidogo ya Nairobi. Huko walikutana vijana wanne: yeye, Dan Muli, Jim Chuchu na Mbithi Masya. Mwaka 2003 wakaanzisha kundi, wakaliita Just A Band, yaani "bendi tu". Jina hilo lina utani, kwa sababu ukiangalia kwa macho ya mwaka 1979 haikuwa bendi hata kidogo. Hakuna shirika lililowaajiri, hakuna ukumbi uliowangoja Jumamosi. Walikuwa na kompyuta na vyumba vya kulala.

Lazima mwelewe hali ya Nairobi wakati huo. Redio zilijaa kapuka ya Ogopa DJs na genge ya Calif Records, nyimbo za kuchangamsha, nzuri kwa kazi yake, nami nina kanda zake dukani. Mwanamuziki mpya alitakiwa aende kwa mtayarishaji mwenye jina, apewe mdundo unaofanana na ulioshinda jana, aimbe juu yake. Vijana hawa wanne wakafanya kinyume. Wakachukua hausi, fanki na disko, wakaimba kwa Kiingereza, Kiswahili, Sheng na hata Kijaluo. Wimbo wao mmoja wa kwanza kabisa una jina la Kijaluo, "Iwinyo Piny". Muziki wao haukuwa na kabati la kuwekwa. Na kwa kuwa miongoni mwao walikuwamo wachoraji na wapiga picha, walichora majalada wenyewe na kutengeneza filamu za nyimbo wenyewe.

Hesabuni miaka. Kundi lilianza 2003. Albamu ya kwanza, "Scratch to Reveal", ilitoka 2008. Miaka mitano! Ninyi mtakuwa mmeingia Kidato cha Kwanza na kutoka cha Nne, na bado mna mwaka wa ziada. Jina la albamu ni maneno ambayo sote tuliyajua siku zile, yaliyoandikwa kwenye vocha za simu: kwangua uone. Mwaka uliofuata, 2009, wakatoa ya pili, "82".

Kutoka albamu hiyo ya pili ndipo ulipokuja wimbo "Ha-He", na Machi 2010 filamu yake ndogo. Hapa nitatua kidogo, maana baadhi yenu mnamjua Makmende bila kujua mahali alikotoka. Watoto wa Nairobi wa miaka ya 1990 walimwita "makmende" mtoto anayejifanya shujaa, anayetaka kupigana na watu watano peke yake. Husemwa kwamba neno lilitokana na maneno ya Kiingereza aliyoyatamka Clint Eastwood katika filamu ya mwaka 1983, ambayo masikio ya Eastlands yaliyachonga upya. Sheng ndivyo ifanyavyo. Just A Band wakaliokota neno hili mchangani lilikokuwa limelala, wakampa mwili: mwanamume mwenye nywele za afro na kitambaa kichwani, suruali pana, anayepiga wahuni wote wa mtaa bila kutoka jasho, kwa mtindo wa sinema za Wamarekani weusi za miaka ya 1970. Sinema zile, wenzangu, ndizo tulizotorokea mjini kwenda kuziona, na walimu waliotukamata wengine wao wako hapa mbele.

Wakenya wakapokea mchezo. Katika wiki chache intaneti yao ikajaa vichekesho juu ya nguvu za Makmende, majalada ya magazeti ya uongo yenye sura yake, hata fedha bandia. Gazeti la Wall Street Journal na televisheni ya CNN wakaandika habari zake, na watu wakasema ni mara ya kwanza kwa Kenya kuzaa jambo lililoenea kwenye intaneti kwa namna ile. Vijana wanne, bila kampuni ya santuri nyuma yao. Lakini nataka mwone kilichowafikisha hapo. Kamera waliyotumia wengine walikuwa nayo. Programu za kompyuta walizotumia wengine walikuwa nazo. Ni neno lile la utotoni ambalo wengine walikuwa wamelisahau. Mtambo haukulijua neno "makmende". Ilibidi awepo mtu aliyecheza kwenye vumbi la mtaa ule, akasikiliza, akaweka akilini.

Albamu ya tatu, "Sorry for the Delay", ilitoka mwaka 2012. Jina lenyewe laomba radhi kwa kuchelewa. Baadaye kila mmoja akashika njia yake. Jim Chuchu akaenda zaidi kwenye filamu na picha. Mbithi Masya akaongoza filamu "Kati Kati", iliyopata tuzo ya wahakiki wa filamu wa kimataifa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2016. Nimeiona, inahusu watu waliokufa wanaongoja mahali fulani nyikani, nayo imetulia kwa namna ambayo sikuitegemea kwa mtu aliyetuletea Makmende.

Blinky Bill akabaki na muziki, na sasa akiwa peke yake. Kwa mwanamuziki hapa ndipo penye mtihani, wala si kwenye kelele za mwaka 2010. Kundi lenye jina likitulia, wengi wa waliokuwamo hurudia wimbo uliowapa sifa mpaka watu wachoke. Yeye mwaka 2016 alitoa kazi fupi iitwayo "We Cut Keys While You Wait". Mkitaka kujua maana, nendeni stendi ya mabasi Moshi, mkatafute kibanda cha mchonga funguo: tunachonga ukisubiri. Miaka miwili baadaye, 2018, ikaja albamu yake kamili, "Everyone's Just Winging It and Other Fly Tales". Tafsiri yangu ya kifundi ya sehemu ya kwanza ni kwamba kila mtu anabahatisha tu. Humo aliwaalika waimbaji kama Nneka wa Nigeria na Sampa the Great wa Zambia. Ngoma zake ni za mtambo, lakini juu yake kuna matarumbeta na vibwagizo vya pamoja ambavyo mzee yeyote aliyecheza dansi la NUTA atavitambua. Si nyimbo zote zinazonikaa. Baadhi zina mambo mengi mno ndani yake, kama sufuria ya mtu aliyepata mshahara jana. Hata hivyo nikiisikia sauti ile redioni sihitaji mtangazaji aniambie ni nani.

Tangu kuanzisha kundi mpaka albamu yake mwenyewe ni miaka kumi na mitano. Huyo ndiye mvivu wetu.

Mtasema, mbona hutaji wa kwetu? Nawataja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir aliimba rapu ya Kimarekani kwa maneno ya Kiswahili, na vijana wa Dar es Salaam wakagundua kwamba lugha yao inaingia kwenye mapigo yale. Mwaka 1994 zikaja Radio One na ITV, na mlango ambao RTD ilikuwa imeushika peke yake ukafunguliwa. Ndipo wakatokea watu wa mitambo: Master Jay na studio yake ya MJ, na P-Funk, ambaye mwamwita Majani, na Bongo Records. Hao ndio waliojenga Bongo Fleva kwa kompyuta na kinanda, kwa nyaya ambazo mafundi kama mimi tuliziunga. Professor Jay alipotoa "Machozi, Jasho na Damu" mwaka 2001, wazazi waliokuwa wakisema rapu ni uhuni walianza kutega sikio. Taarabu nayo ilishapokea kinanda cha umeme katika miaka hiyo hiyo ya 1990, na harusi za Pwani hazijapungukiwa kitu. Nimemchagua Blinky Bill kwa sababu kazi zile nne, kutunga, kuimba, kutengeneza na kupeleka sokoni, kwake zimekaa kwa mtu mmoja, na kwa sababu alianzia mahali mlipo ninyi: akiwa mwanafunzi, pamoja na wanafunzi wenzake.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililonileta hapa. Nimewasikiliza watu wengi wakieleza habari za Just A Band, nao husifu kompyuta. Mimi naona mabweni. Vijana wanne wenye ujuzi mbalimbali, mmoja akichora, mwingine akipiga picha, mwingine akipanga mapigo, waliishi karibu, wakapata saa za jioni zisizo na mwenyewe, wakapingana bila kugombana. Kompyuta siku hizi mtoto aweza kuipata kwa mjomba wake. Wenzake watatu na mlango unaofungwa hawapatikani kwa mjomba. Shule ya bweni inao wanafunzi mia kadhaa, na inayo milango. Baada ya Kidato cha Nne mnatawanyika, mmoja Dodoma, mmoja Mwanza, mmoja anauza matairi Himo, na nafasi ile hairudi.

Kuna jambo limetokea muhula huu na wanafunzi wanalijua. Vijana watano wa Kidato cha Tatu walinyang'anywa kinanda kidogo walichokipiga bwenini baada ya taa kuzimwa. Walistahili kunyang'anywa, taa zikizimwa ni kulala. Lakini mwalimu wa zamu alinionyesha daftari walilokuwa nalo. Wamepanga ngoma ya iringi katika visanduku kumi na sita, kwa penseli, mistari minne: ngoma, makofi, miguu, sauti. Hawakuwa na kompyuta ya kuwaonyesha hivyo. Walisikiliza kwenye arusi ya Kibosho wakati wa likizo, wakahesabu. Nimefanya kazi ya sauti miaka arobaini na zaidi, na sijaona mwanafunzi wa sekondari aliyefanya kazi hiyo kabla yao. Mahali pa kuifanya mchana, kwa ruhusa, hakuna.

Niseme pia yasiyopendeza, mzazi asije akasema fundi alimdanganya mwanawe. Muziki huu haulipi wengi. Hata Just A Band, pamoja na CNN yao, walikuwa na kazi nyingine mikononi, na ndiyo sababu kila mmoja alikuwa na mahali pa kwenda kundi lilipotulia. Msiache Fizikia, mmeona jinsi nilivyoihitaji leo. Na mnapotengeneza wimbo watu watatu, andikeni siku hiyo hiyo, kwenye karatasi, nani katunga maneno, nani kapanga mapigo, nani kaimba, kila mtu atie sahihi. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA wapo kwa ajili hiyo, lakini sheria haiwezi kumsaidia mtu asiye na karatasi. Nimeona marafiki wa damu wakikutana barabarani bila kusalimiana kwa ajili ya wimbo wa dakika tatu ambao kila mmoja anasema ni wake.

Kuhusu chumba, ndugu wajumbe, nimekikagua. Paa halivuji isipokuwa pembe ya upande wa jikoni. Ukuta ni mnene, kelele nyingi hazitafika madarasani. Umeme upo, ila nyaya ni zile zile za zamani zetu, nazo lazima zibadilishwe kabla ya kompyuta kuguswa; kazi hiyo nitaifanya mimi bila malipo, mnunue nyaya tu. Ufunguo ukae kwa mwalimu mmoja, na saa za matumizi zibandikwe mlangoni. Kila wimbo utakaotengenezwa humo uwekwe nakala maktaba, pamoja na karatasi yake ya sahihi. Na nashauri mwaka wa kwanza vijana watumwe wakati wa likizo wakarekodi kwa simu zao sauti za nyumbani: nyimbo za bibi zao, mashine za kukoboa kahawa, kwaya za Machame na Marangu, makondakta wa stendi. Warudi na hizo ndipo wawashe kompyuta.

Lango la sasa linafunga. Nimelijaribu leo asubuhi nilipoingia. Bawaba moja yataka grisi, nami grisi ninayo garini.

Garini humo humo kuna kinanda nilichokitengeneza, cha mteja aliyehama asirudi. Nimeuliza idhini ya Mkuu wa Shule nikaipata. Wale watano wa Kidato cha Tatu wainuke waje tukibebe, na daftari lao walilete, ili wajumbe wausikie ule mpango wa iringi kabla ya saa tisa.